Mama Mkwe Haruki

Kama kuna mtu mtaani Bel-Air aliyeshika sheria za ukwe kwa meno na kucha, ni Mama Marceline. Kwao, kaskazini mwa Katanga, mambo hayo huitwa buko, na buko si mzaha. Mama wa mke na mume wa bintiye hawatazamani usoni. Hawali sahani moja, hawataniani, na mmoja hapiti alipo mwenzake kabla ya kukohoa. Wengi hapa Lubumbashi wamekwisha kuitupa hiyo buko pamoja na nguo kuukuu za bibi zao; utamwona mama mkwe arusini anakata kiuno mbele ya mkwewe, na watu wanampigia makofi. Marceline akiona hivyo hugeuza kiti chake akatazama ukuta.

Sasa chekeni: mtu huyohuyo anakaa nyumbani kwa mkwewe!

Hakupenda, alilazimika. Binti yake Brigitte anauza dawa katika famasi moja ya mjini, anatoka asubuhi na kurudi jua linazama. Mume wa Brigitte, Adrien, anaendesha mashine ya kuchimba udongo kwenye mgodi upande wa Kambove. Analala huko kambini, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi tu. Na watoto je? Merdi wa miaka tisa na Abigaïl wa miaka sita wajilee wenyewe? Ndipo Marceline, mjane, akafunga nyumba yake, akabeba sufuria zake anazozipenda, akahamia katika chumba kidogo cha uani, kando ya jiko. Sharti lake lilikuwa moja. "Bwana yako akifika," alimwambia Brigitte, "miye niko mu jiko, mulango imefungwa. Asinione, nisimuone."

Adrien naye ni mtoto wa watu, amelelewa. Akifika mwisho wa mwezi hukohoa langoni, hukohoa tena uwanjani, mtu angedhani kifua kimemkamata. Marceline akisikia kikohozi huingia jikoni na kuvuta mlango, na tangu hapo wawili hao huzungumza kwa midomo ya watoto. "Merdi, ambia Kambo chakula ilikuwa muzuri." Kambo ndiye bibi, kwa kule kwetu. "Merdi, ambia papa yako asante." Na kati yao kuna mlango wa mbao tu, kila mmoja anamsikia mwenzake wazi! Lakini msidhani ni uadui. Adrien hakuwahi kuja bila kumletea sukari yake, na Marceline hakuwahi kupika samaki bila kumtengea kipande kinono cha katikati.

Basi, shida iliingia nyumbani humo imefungwa ndani ya boksi.

Adrien aliwanunulia watoto tableti. Nia yake ilikuwa njema: awaone wanawe kila jioni, japo kwa kioo. Baba anayelala mbali afanye nini? Lakini simu ya baba ilikuwa ya dakika chache, na saa zote zilizobaki tableti ilikuwa ya watoto. Wakitoka shule, hata viatu hawavui, wanajitupa kwenye kochi, vichwa viwili juu ya kioo kimoja. Kuku wanakatiza sebuleni, watoto hawawaoni. Chakula kinapoa. Hata baba yao akipiga, wanamjibu haraka haraka ili warudi kwenye mchezo wao.

"Abi, shule iko namna gani?"

"Muzuri, papa."

"Unakula muzuri?"

"Oui, papa."

Na maskini Adrien kule Kambove anaona paji la uso tu, maana mtoto amekwisha kuinama, kidole kinamwasha.

Na nje kuna nini? Nje kuna lupango, yaani kiwanja cha nyumba, zuri kabisa! Uwanja mpana wa udongo mwekundu, mparachichi kwenye kona, ukuta wa kupanda, jua la kiangazi lisilounguza. Kuna watu mjini wamejenga vyumba vya kupangisha mpaka mlangoni, watoto wao hawana hata pa kugeukia. Hawa wanao uwanja, na uwanja unachezewa na kuku. Marceline aliuona kila asubuhi akifagia. Anaufagia, na kesho yake anaukuta vilevile, mistari ya ufagio haijaguswa na mguu wa mtoto hata mmoja. Hilo lilimuudhi kuliko uchafu.

Kwanza alifoka. Kufoka ni kazi aliyoijua. "Mutoke inje! Mutoke, macho itabaki mu hiyo kioo!" Watoto wakatoka, wakasimama katikati ya uwanja, mikono inaning'inia.

"Tufanye nini, Kambo?" akauliza Merdi.

"Mucheze!"

"Na nini?"

Na nini! Marceline alikulia kambi ya wafanyakazi wa reli, kule Kabalo. Hakuna mtoto wa kambi aliyewahi kuuliza swali hilo.

Kisha akajaribu werevu. Siku moja watoto wakiwa shule, alichukua tableti akaifunga katika kitambaa, akaifukia ndani ya pipa la unga wa bukari, ndio ugali wetu. Nani atafukua unga? Jioni watoto walitafuta chini ya kochi, nyuma ya kabati, hata chini ya kuku anayeatamia. Marceline anasonga bukari, kimya, moyo unacheka. Mara pipa likaanza kuimba.

"Kambo!" Abigaïl akaja mbio. "Unga iko nalia!"

Marceline akarukia pipa, akachomoa kitambaa, mikono imejaa unga, akabonyeza hapa akabonyeza pale ili kile kitu kinyamaze. Hakikunyamaza. Kilifunguka. Na kwenye kioo, katikati ya unga, uso wa Adrien!

"Merdi? Mbona kweupe hivi?"

"Yesu Maria!" Marceline akajifunika kitenge kichwani, akaitupa tableti juu ya gunia la makaa. Kule Kambove Adrien, aliposikia sauti ile, naye akageuza uso pembeni na kuanza kukohoa. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Brigitte aliporudi akaifuta tableti taratibu, akasema: "Mama, usiifiche tena. Ile ndiyo macho ya baba yabo." Marceline akashindwa, maana lilikuwa neno la haki.

Huenda angeacha hapo, kama si siku aliyompelekea Abigaïl sweta shuleni. Asubuhi za kiangazi Lubumbashi ni baridi, na mtoto alikuwa ameisahau. Marceline alifika wakati wa mapumziko. Uwanja wa shule umejaa wasichana wanapiga nzango. Asiyeijua nzango ajue hivi: wawili wanasimama wakitazamana, wanapiga makofi, wanaimba, wanaruka pamoja, na wakishuka kila mmoja anatoa mguu mmoja mbele. Mmoja anashinda miguu ikikutana, mwingine anashinda miguu ikipishana. Ni mchezo wa miguu, wa macho, na wa ujanja wa kujua mwenzako anawaza mguu gani.

Abigaïl hakuwamo. Alikaa kwenye ngazi, mikono ameikalia.

"Mbona wewe huchezi?"

"Banasema miye sijue kuruka." Alisema bila machozi, sauti yake ileile ya kuomba maji. "Ni kweli, Kambo. Nikiruka naanguka."

Hapo ndipo ilipomchoma. Mtoto akilia, unambembeleza, yanakwisha. Mtoto aliyekubali, utamfanya nini? Miaka sita, na amekwisha kukubali kwamba wa kuruka ni wengine. Na si mtoto wa mtu yeyote: ni mjukuu wa Marceline! Kule kambini, wasichana walimwita Marcé Kushoto, kwa kuwa mguu wake wa kushoto haukuwahi kubashiriwa na mtu. Akishuka nao, mwenzake ameshaliwa, yaani ameshindwa. Huyo ndiye bibi, na mjukuu anaanguka akiruka.

Akarudi nyumbani anasema peke yake njiani. Nani amfundishe? Brigitte hayupo. Merdi ni mvulana, na kidole chake kimeota mizizi kwenye kioo. Mimi? Mimi ni mama mkwe wa mtu. Mama mkwe haruki. Mama mkwe anakaa, anafunika miguu, anapika, anasali. Je, mtu akipita aone magoti yangu uwanjani mwa mkwe wangu? Lakini mkwe yuko Kambove. Na lango lina komeo. Na ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.

Mchana ule watoto walipofika, hawakukuta kelele wala mahubiri. Walimkuta Kambo katikati ya uwanja, lango limefungwa, kitenge amekikunja na kukifunga kiunoni, chini yake amevaa kaptura ya marehemu mumewe, ya bluu. Merdi alishika mdomo. Marceline hakumtazama. Alianza kupiga makofi na kuimba wimbo wa kambi ya reli, ule wa kuulizana na kujibizana:

"Treni iko wapi? Iko Kabalo!
Imebeba nini? Imebeba samaki!
Nani atakula? Ni mwenye miguu!"

Akaruka. Msiniulize aliruka juu kiasi gani. Magoti yalilia, pumzi ikakatika, na kuku wakakimbilia kwa jirani. Lakini aliposhuka, mguu wa kushoto ulitoka mbele wenyewe, kama jana tu. Marceline alicheka kwa sauti, peke yake, mwanamke mzima. Na Abigaïl akaweka mkoba chini.

"Kambo, nami."

Alianguka. Akaanguka tena. "Usiangalie miguu," Marceline akamwambia, "miguu inajua njia. Angalia macho yangu. Piga makofi kwanza, mwili itafuata makofi." Wakaacha kuruka, wakapiga makofi tu. Kisha makofi na wimbo. Kisha makofi, wimbo na kuchutama. Siku ikaisha bila kuruka, na kesho yake pia, na Abigaïl alipolala alikuwa bado anapiga makofi juu ya blanketi. Mpaka jioni moja akaruka, akashuka, akabaki wima. Alitazama miguu yake kana kwamba ameazimwa. Kisha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, na Marceline akajua kwamba hajawahi kukisikia kicheko hicho tangu ahamie nyumba ile.

Siri ya makofi haifungiki kwa komeo. Jirani wao, Habiba, mwuza vitenge, mwenye asili ya Maniema, alipanda juu ya tofali akachungulia ukutani. "Mama Brigitte! Ni weye huyo ama macho yangu imeharibika?"

"Shuka huko, Mama Djamila, usinicheke."

"Sikucheki. Nangojea nafasi." Na badala ya kucheka akamleta binti yake Djamila, aliyekuwa naye amezoea kupokonywa simu ya mama. Djamila akaleta wenzake. Baada ya siku chache lango likaachwa wazi, na uwanja ule uliokuwa wa kuku ukajaa vumbi jekundu, makofi, ugomvi, na miguu. Wavulana walisema nzango ni ya wasichana. Wakachora mistari yao upande wa pili, wakafunga matambara kuwa mpira. Asubuhi Marceline akifagia alikuta alama za miguu kila mahali, akafagia polepole.

Merdi peke yake ndiye aliyebaki na tableti, akikaa chini ya mparachichi. Hata yeye lakini alikuwa ameanza kuinua kichwa. Na siku moja aliiinua tableti pia.

Jioni hiyo wako mezani, Brigitte amerudi, Merdi akasema kwa furaha: "Kambo, nilikupiga video! Unaruka na Abi. Nimetuma kwa papa."

Kijiko cha Marceline kilisimama hewani. "Umetuma nini?"

"Weye. Unaruka. Iko muzuri sana!"

"Inaonekana nini?"

"Yote."

"Magoti?"

"Magoti, na ile kaptura ya bleu."

Brigitte aliangua kicheko, kisha akauona uso wa mama yake, kicheko kikakatika. Jamani! Mama mkwe aliyejificha miaka yote hii nyuma ya mlango, magoti yake yamesafiri mpaka Kambove, yameingia mkononi mwa mkwe! Maji yakimwagika hayazoleki. Merdi hakuelewa kosa lake, na Marceline hakuweza hata kumgombeza, kwa kuwa mtoto alikuwa amefanya jambo la upendo. Aliinuka, akaacha chakula, akaenda chumbani kwake kukunja nguo.

"Narudia kwangu," alimwambia Brigitte. "Tafuta muntu wa kulinda batoto. Akipatikana, naenda."

"Mama, kwa video?"

"Kwa haya. Nitamupikia namna gani tena? Atakula bukari yangu akiona kaptura."

Na mchezo ukafa. Kesho yake Djamila na wenzake waligonga lango, sauti ikatoka jikoni: "Leo hakuna!" Na siku iliyofuata, hakuna. Merdi alirudi kwenye kochi na tableti, safari hii kwa huzuni. Abigaïl hakuigusa. Alikwenda uwanjani peke yake, akawa anaruka bila wimbo, bila mwenzake. Marceline, nyuma ya mlango wa jiko, alisikia makofi madogo, halafu kishindo, halafu kimya kirefu. Ameanguka. Moyo ulimsukuma atoke, haya ikamvuta nyuma. Alijua vizuri: akiondoka yeye, uwanja unarudi kuwa wa kuku, na mtoto anarudi kukalia mikono yake. Alijua, na bado alikuwa anakunja nguo.

Habiba alimsemesha juu ya ukuta. "Mama Brigitte, bakubwa banasema mficha uchi hazai. Unataka batoto baruke, na miguu isionekane?"

"Wewe hukuonwa na mukwe wako."

"Kweli," akasema Habiba. "Lakini angeniona miye, angehama mji." Marceline alitaka kucheka, hakuweza.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba Adrien hakupiga simu. Jioni ya kwanza kimya, ya pili kimya. Halafu ukaja ujumbe kwa Brigitte, aliyekuwa amemwandikia kwamba mama anafunga mizigo: Adrien anakuja Jumamosi, na mwezi haujaisha. "Ambia mama asiende popote mpaka nifike." Brigitte aliusoma kwa sauti. Marceline aliketi juu ya gunia la makaa. Mkwe anaomba ruhusa kazini, anakuja katikati ya mwezi, kwa jambo gani kama si hilo? Anakuja kusema. Na ana haki ya kusema.

Jumamosi, kikohozi kikasikika langoni. Kirefu kuliko siku zote. Marceline akavuta mlango wa jiko, akaegemea ukuta, rozari mkononi. Alisikia watoto wakikimbia, akamsikia Brigitte akisalimu. Kisha buti nzito zikaja uwanjani, zikakaribia jiko. Zikasimama. Kiti kikaburutwa. Adrien aliketi nje, mgongo kwa mlango, na mahali hapo alipoketi kitu kikalia: ko-ko-ko. Marceline akatega sikio. Kuku?

"Abi, kuja hapa," akasema Adrien. "Ambia Kambo: ile video niliifungua kambini. Niliona kidogo tu, nikajua ni nani. Nikageuza simu, uso chini, juu ya meza."

"Kambo, papa anasema aligeuza simu!"

"Nimesikia," Marceline alijibu, kisha akakumbuka. "Ambia papa yako nimesikia."

"Muambie, niligeuza, lakini sikuizima. Mukono ilitaka kuzima, masikio ikakataa. Nilisikia mutoto anacheka. Nikajiuliza, huyu ni mutoto wa nani?" Akakohoa, na hicho hakikuwa kikohozi cha heshima. "Kila jioni naitana na batoto bangu. Naona paji ya uso. 'Oui papa, non papa.' Sijasikia Abi akicheka vile hata siku moja. Nilikuwa nafikiri pengine ni mutoto asiyecheka. Sasa nikitoka ku kazi, naweka simu uso chini, nasikiliza. Nilishindwa kupiga simu, sikujua niseme nini. Bantu ba kambi banasema nimeshikwa na wazimu. Abi, ambia Kambo ile yote."

Abigaïl alisimama kati ya mlango na baba yake, maneno yamemzidi. Alifikiri.

"Kambo," akasema mwishowe, "papa anasema nilicheka."

Nyuma ya mlango Marceline alishika kitenge akakibana mdomoni. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Akili ilipomrudia aliuliza: "Na kuku ni ya nini? Muulize papa yako."

"Ni malipo ya masikio yangu," akasema Adrien. Kwao, mkwe aliyekosea buko huleta kuku, haya inaondoka, watu wanaendelea kuishi. "Kwa macho sikukosa sana. Masikio ndiyo yalikosa, kila siku. Muambie anisamehe. Na muambie nguo arudishe mu kabati."

Kisha mlango wa jiko ukafunguka kiasi cha mkono, mkono ukatoka, ukamshika kuku miguuni, ukamwingiza ndani. Mlango ukafungwa. Brigitte akapiga kigelegele, maana kuku akipokewa, kesi imekwisha.

"Sasa," Adrien akasema, "nimekuja kwa kintu ingine. Abi, nionyeshe."

"Djamila haiko, papa. Nitaruka na nani?"

Adrien aliinuka, akasogeza kiti. "Na miye."

Mwanamume mzima, buti za mgodini, tumbo la kantini! Merdi alikuja mbio kutoka kwenye baraza, tableti kwapani, akaitazama, akamtazama baba yake, akaiweka juu ya dirisha. "Papa, miye niko wa upande yako," akasema. "Weye huijui, utaliwa."

"Na wimbo?" akauliza Abigaïl. "Bila wimbo haiwezekani."

Wote wakageukia mlango wa jiko. Mlango ulibaki umefungwa. Buko ni buko, na kuku mmoja hawezi kuifuta yote. Lakini je, kuna sheria gani inayokataza mikono? Kutoka ndani, makofi yakaanza, polepole, halafu kwa nguvu, na sauti ya mwanamke mzima ikapanda juu ya ukuta mpaka kwa Habiba:

"Treni iko wapi?"

"Iko Kabalo!" wakajibu watoto.

"Imebeba nini?"

Na hapo sauti nzito, isiyojua wimbo, ikachelewa nyuma yao: "Samaki!"

Marceline hakuona kitu. Alisikia. Alisikia buti zikishuka kama magunia, na kando yake miguu miwili midogo, myepesi, wima. Alisikia: "Papa, siyo huo! Umeliwa!" Akamsikia Merdi akigombana na baba yake kwamba asitazame chini. Akasikia watoto wa jirani wakiingia langoni wakikimbia. Na kile kicheko cha kutoka tumboni kilipoanza tena, safari hii baba yake alikuwa mbele yake, ana kwa ana.

Ndani ya jiko, kati ya pipa la unga na kuku aliyefungwa miguu, Mama Marceline akakaza kitenge chake kiunoni. Akaruka. Akashuka na mguu wa kushoto.

Adrien alisikia kishindo kutoka jikoni. Akakohoa kidogo, kwa heshima, akaendelea kuimba.